Choa Mkononi, Mapunye Kichwani

Wiki ya mwisho ya Ramadhani vinyozi wa Majengo, hapa Mombasa, hawapumziki. Watoto wa kiume hupangwa kwenye benchi hadi nje barazani, kila mmoja amefumbata hela yake, na mashine ikitoka kichwa hiki yaingia kichwa kile. Mwanangu wa kati, aliyekuwa na miaka saba wakati huo, alikuwa katikati ya foleni hiyo. Nilimsubiri nje na mfuko wa kanzu zilizotoka kwa fundi, nikamwona anatoka kichwa kinang'aa, anakipapasa kwa mikono miwili na kucheka. Idi ikaja, ikapita salama.

Kama wiki mbili baadaye namwosha, kidole changu kikapita kisogoni mahali panapokwaruza. Nikamgeuza kwenye mwangaza wa dirisha. Kiraka cha ukubwa wa sarafu, rangi ya kijivujivu, kina unga mweupe juu yake kama unga wa ngano uliokaukia sinia. Nikajiambia ni mba. Na mba kwetu hapelekwi mtu hospitali. Hupakwa mafuta ya nazi, basi. Nikapaka, nikamvisha kofia, akaenda madrasa.

Mtoto huyu ana mazoea ya kulala mchana kichwa chake kikiwa juu ya mkono wangu, pale ndani ya kiwiko. Haikupita muda na mimi nikaanza kujikuna hapo hapo. Kwanza kilikuwa kipele kimoja, ungesema mbu. Siku nne tano baadaye kipele kimekuwa duara. Ukingo wake uliinuka kidogo, wenye vipele vidogo vidogo na magamba, na katikati ngozi imetulia, kana kwamba ugonjwa umeshapita hapo ukaenda zake mbele. Nilikuwa sijui kwamba ndivyo hasa ulivyo.

Picha nyingi za choa zinazosambaa mtandaoni ni za ngozi nyeupe: duara jekundu, wazi kama limechorwa. Nilizitazama nikaangalia mkono wangu, nikaona havifanani. Kwenye ngozi yetu ule wekundu hauonekani; huwa ni kahawia iliyokolea, au kijivu, au rangi kama ya zambarau iliyofifia. Ukitafuta wekundu utakikosa choa kilichokaa mbele ya macho yako. Cha kutafuta ni ukingo: pitisha kidole kutoka nje kuingia ndani, utahisi mahali ngozi inapopanda na kukwaruza, kisha inashuka na kulainika.

Mimi nilihisi, na nadhani moyoni nilijua. Mtu aliyekulia pwani anakijua choa. Watu wa bara wengi wanakiita mashilingi, kwa sababu ya ule umbo wa sarafu, na jina hilo pia tulilisikia shuleni likitumika kuwatania wenzetu. Ndiyo maana sikumwambia mtu. Nilipanda matatu nikaenda famasia ya mbali na kwetu, nisije nikakutana na jirani, na nilipofika dirishani nilisema kwa sauti ya chini, "Naomba dawa ya kujikuna." Sikukunja mkono wa buibui, wala hakuna aliyeniambia nikunje. Nikapewa tyubu, nikalipa, nikaitia kwenye pochi kama niliyeiiba.

Dawa ile ilifanya kazi vizuri mno. Siku ya pili muwasho umekwisha. Siku ya nne ule ukingo umelala. Nikamsifu aliyeniuzia. Wiki ya pili, duara halipo tena, badala yake kuna wingu lisilo na mpaka linalopanda kuelekea begani, na mawili mengine madogo kifuani. Nikapaka zaidi.

Aliyenitoa kwenye usingizi ule ni fundi wa hina. Kulikuwa na harusi ya mtoto wa ami yangu huko Kibokoni, na usiku wa kuamkia siku yenyewe tulikaa wanawake kwenye jamvi tunapakwa kwa zamu. Zamu yangu ilipofika fundi akakamata mkono, akapandisha kanzu hadi kiwikoni, akasita. Akaiweka koni ya hina chini. Hakupaza sauti, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Alinisogelea sikioni: "Dadangu, hapa sitapaka. Hiki kilikuwa choa. Umekipaka nini?"

Nikamwambia, krimu ya famasia. Akatikisa kichwa. Mwanamke yule ameshika mikono mingi kuliko madaktari wengi, na ameviona vya aina hii mpaka amevizoea. "Nenda ukaonyeshe," akasema. Akanipaka vidole tu.

Nyumbani nikamwonyesha mamangu. Hakuutazama mkono sana. Aliuliza, "Na mtoto je? Niletee nimwangaliye kitwa." Akamvua kofia, akamlaza mapajani pake chini ya taa. Kiraka cha kisogo kilikuwa kimekuwa vitatu. Mama akavaa miwani, akanivuta shingo nisogee. Ndani ya kiraka kulikuwa na nukta nyeusi nyingi, kama pilipili manga iliyosagwa ikanyunyizwa. Zilikuwa nywele, zimekatika usawa wa ngozi.

"Hii si mba, mwanangu. Mba haikati nywele. Hii ni punye."

Kesho yake harusi sikwenda.

Daktari wa ngozi aliyetuona alikuwa mama wa makamo, na jambo la kwanza alilofanya lilinishangaza: alizima feni, akatandika karatasi nyeusi, akaanza kukwangua ukingo wa mkono wangu taratibu kwa kijembe butu. Unga mweupe ukaanguka juu ya karatasi. Kwa mtoto akakwangua vilevile, akang'oa na vijinywele viwili vitatu vifupi. Akautia unga ule kwenye kioo, akadondosha tone la hidroksidi ya potasiamu, dawa kali inayoyeyusha magamba ya ngozi na kuacha kile kisichoyeyuka. Tukasubiri. Kisha akaitazama hadubini yake, akasogea kando. "Njoo umwone mgeni wako."

Nikachungulia. Kati ya vipande vya ngozi vinavyoyeyuka kulikuwa na nyuzi, nyembamba, zimegawanyika matawi, ndefu kuvuka kutoka chembe moja ya ngozi hadi nyingine. Zilinikumbusha mizizi ya mchicha unapoung'oa na kuutikisa mchanga. Hapakuwa na mnyoo. Kiingereza kinauita ugonjwa huu mnyoo wa duara, na wengi wetu tuliosoma tumelichukua wazo hilo bila kuliuliza, tukawapa watoto dawa za minyoo. Ni kuvu, ndugu ya ukungu unaoota kwenye mkate na kwenye kuta zetu msimu wa mvua.

Kuvu hizi wataalamu wanaziita dematofaiti. Chakula chake ni keratini, kitu kinachojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Tabaka hilo limekufa, na kuvu haipendi kwenda chini zaidi ya hapo. Hula, ikimaliza hapa inasogea nje pande zote kwa mpigo, ndiyo likaja duara. Pale ukingoni ndipo ilipo hai, na ndipo mwili unapopigana nayo. Muwasho na uvimbe ule ni vita vyenyewe.

Sasa nikaelewa tyubu yangu. Ndani yake kulikuwa na dawa ya kuvu kidogo, dawa ya bakteria, na steroidi kali iitwayo betamethasoni. Steroidi kazi yake ni kuwatuliza askari wa mwili. Wametulia kweli: muwasho ukaisha, ukingo ukalala, nami nikafurahi, na kuvu ikabaki peke yake shambani inakula. Ukiacha kupaka, ugonjwa unarudi kwa kishindo, na sura yake imeshaharibika hata daktari hushindwa kuutambua kwa macho. Una jina lake kwenye vitabu vya ngozi, choa kilichofichwa sura. Tyubu za mchanganyiko huu zimejaa madirishani kwetu, na nasema kwa uchungu, zisiwe zinauzwa kwa mtu ambaye hakuna aliyemtazama. Lakini mimi nami sikutaka kutazamwa. Mkono ulikuwa ndani ya buibui, na niliulinda ubaki humo.

Daktari aliniuliza vitu vingi mle ndani: mtoto analala na nani, ananyolewa wapi, kofia yake anavaa nani mwingine, nyumbani kuna mnyama gani. Lile la mnyama nililicheka kwanza. Nani Mji wa Kale na Majengo hana paka, awe wake au wa jirani? Lakini iko kuvu iitwayo Microsporum canis ambayo watoto wengi duniani huipata kwa paka, hasa vitoto vya paka, nao paka wenyewe mara nyingine hawaonyeshi lolote zaidi ya manyoya kunyonyoka kidogo masikioni au usoni. Hiyo hung'aa kijani ukiimulika kwa taa maalumu ya urujuanimno kwenye chumba cha giza. Alimmulika mwanangu, hakikung'aa kitu. Akasema ya kwake yaelekea ni ya watu kwa watu, kama ile Trichophyton violaceum inayosababisha mapunye mengi Afrika Mashariki, ambayo hukaa ndani ya unywele wenyewe na haing'ai. Inatoka kichwani kwa kichwani: mashine ya kinyozi, kitana, kofia, mto. Mbegu zake zinaweza kungoja miezi kwenye kitu kikavu. Nikahesabu siku kutoka lile benchi la barazani hadi ile asubuhi ya kuoga, nikanyamaza.

Siwezi kuthibitisha kuwa ni kwa kinyozi. Madrasa nako watoto hubadilishana kofia mchana kutwa. Mjini kwetu kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, hakuna sehemu ya mwili inayokauka. Jasho linakaa chini ya kofia, chini ya mkanda, katikati ya vidole vya miguu. Kuvu ya vidoleni ni ya ukoo huo huo, na tunaotawadha mara tano kwa siku tunafaa kujifunza kufuta maji kati ya vidole kabla ya kutia soksi. Hilo pia daktari alilisema, na baba watoto nyumbani alihusika nalo moja kwa moja.

Mkono wangu ulikuwa mwepesi kutibu. Akaitupa ile tyubu, akanipa krimu ya klotrimazoli, dawa ya kuvu tupu isiyo na kitu kingine ndani. Kutwa mara mbili, nipake hadi nje ya ukingo kama upana wa kidole kimoja au viwili, kwa sababu kuvu iko mbele ya kile unachokiona. Na nisiache siku ngozi itakapopona, niendelee wiki moja au mbili zaidi. Wiki ya kwanza muwasho ulirudi mkali, kwa kuwa askari walikuwa wameamka. Hapo ndipo wengi huirudia ile tyubu ya zamani. Nilivumilia, na kufika wiki ya nne ngozi ilikuwa imebaki na kivuli cheusi tu, ambacho kilichukua miezi kufifia. Kivuli hicho si ugonjwa, ni kovu la rangi, na hakiambukizi.

Kichwa cha mtoto ni jambo jingine kabisa, na hapa ningependa kila mzazi anisikie. Mapunye hayaponi kwa kupaka. Kuvu imejificha ndani ya unywele hadi chini kwenye shina, na krimu haifiki huko hata upake mwaka mzima. Dawa lazima imezwe, ipitie damuni, iingie kwenye unywele mpya unapotengenezwa. Mwanangu alipewa griseofulvini, kwa uzito wake, kila siku kwa wiki nane. Sababu ya muda mrefu hivyo nayo nilielezwa: dawa haiui kuvu papo hapo, inaizuia isiingie kwenye keratini mpya, na sisi tunangoja unywele safi uote na kuusukuma ule mgonjwa nje. Iko pia terbinafini inayomalizika upesi zaidi kwa baadhi ya aina. Ipi inafaa, na kiasi gani, aamue aliyemwona mtoto. Wifi yangu alikuwa mjamzito na choa kilimshika shingoni kwa kumbeba kijana wetu. Yeye alipewa krimu tu, maana griseofulvini si ya mjamzito.

Dawa hiyo huingia mwilini vizuri ikiliwa na mafuta. Daktari alipotaja maziwa na siagi nilimwambia kwetu asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Alicheka, akaandika kwenye karatasi: "Mbaazi za nazi, sawa kabisa." Wiki nane mtoto alikunywa dawa yake na mbaazi. Siku ambazo tui halikupatikana tulimkaangia yai.

Nilipofika nyumbani nilisoma sana, kama tunavyofanya wote, na kitu kimoja kilinikaa. Griseofulvini ilianza kutumika kwa watu mwaka 1958 tu. Kabla ya hapo, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wenye mapunye walipigwa eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke pamoja na kuvu. Kule Israeli waliofanyiwa hivyo miaka ya 1948 hadi 1960 ni maelfu, na baadaye walionekana kupatwa na uvimbe wa ubongo na wa tezi ya shingo zaidi ya wenzao. Nikakitazama kidonge kidogo cheupe kwenye kiganja changu, nikamtazama mwanangu anayenuna kwa kuwa ladha haipendi.

Nyuma zaidi ya hapo, hata kwamba ni kuvu hakuna aliyejua. Robert Remak aliziona nyuzi zile mwaka 1837, na David Gruby, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Paris, alizieleza wazi mwaka 1841. Remak alikwenda mbali zaidi: alijiambukiza mkononi mwake kwa makusudi ili ahakikishe. Nikajiona mkono wangu uko kwenye kundi zuri.

Yako mambo ambayo si choa na yanafanana nacho. Mba ya mgongoni na kifuani, yale madoa ya rangi hafifu yanayoungana, ni ya kiumbe kingine kinachoishi kwenye ngozi ya kila mtu, wala hupewi na jirani. Ukurutu wa duara unafanana sana, ila hauna kule kutulia katikati na mara nyingi hutoa majimaji. Na kama kuna doa la rangi hafifu ambalo haliwashi, nalo ukiligusa kwa ncha ya pamba hapana hisia yoyote, usipake chochote, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ukoma bado upo na unatibika ukiwahiwa.

Kuna mtoto mtaani kwetu, rafiki wa mwanangu wa benchi moja, ambaye punye lake lilivimba likawa uvimbe laini wenye usaha. Alipelekwa kwenye zahanati fulani, wakadhani ni jipu, wakalipasua. Halikuwa jipu, ni mwili unaopigana na kuvu kwa hasira, na dawa yake ni vidonge vile vile vya kuvu, si kisu. Sasa yuko darasa la tano na pale utosini nywele hazikuota tena. Binamu yangu ana alama shavuni ya maji ya betri aliyopakwa kama dawa ya choa na watu wazima waliompenda. Kitunguu thaumu kilichopondwa nacho kinaunguza. Nimeona malengelenge yake. Simlaumu aliyempaka mtoto wake. Nyumba nyingi hufanya hivyo usiku, kimya kimya, ili asubuhi mtoto aende shule bila mtu kuona.

Shuleni kwetu mwalimu alitaka mtoto akae nyumbani wiki zote nane. Nilikwenda na barua ya daktari: akishaanza vidonge na kuoshwa kichwa mara mbili kwa wiki kwa shampuu ya dawa, arudi darasani, ila asibadilishane kofia na kitana. Nilimwomba mwalimu anipe dakika chache mbele ya darasa. Nikawaambia watoto ni kuvu, nikawaambia na mimi nilikuwa nayo, nikakunja mkono wa buibui nikawaonyesha kivuli. Mmoja akauliza kama inauma. Mwingine, aliyekaa nyuma, akavua kofia yake mwenyewe akaniinamishia kichwa.

Tulikagua vichwa vyote nyumbani, maana mtu anaweza kubeba kuvu bila dalili. Dada yake alikutwa nayo, kiraka kimoja kidogo kilichofichwa na msuko. Mito ilifuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani darini. Vitana tulivitupa. Kwa kinyozi nilikwenda mwenyewe saa ya mchana ambayo hana wateja. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani ili yasimuumize. Aliinua mashine akaitazama meno yake, kisha akaniuliza spiriti ya kufutia anunue ipi na aiache ikauke muda gani kati ya mteja na mteja. Idi iliyofuata ilikuwa na mashine mbili pale mezani, moja inanyoa, nyingine imelala kwenye kitambaa.

Iliyobaki ni kofia. Ilikuwa kofia ya vito, mamangu aliishona kwa mkono miezi mitatu kabla ya Idi, na mimi sikuwa na moyo wa kuitia maji ya moto, wala wa kumwambia. Wiki ya sita ya dawa, nywele laini zimeanza kuota kwenye vile viraka, nilitoka sokoni nikamkuta jikoni. Alikuwa ameshaichemsha. Uzi ulikuwa umetoka rangi kidogo ukingoni. Akaivika kwenye bakuli kubwa ili ishike umbo, akaisawazisha kwa viganja, akapasha pasi.

"Rangi ntaitia upya," akasema. "Sogea, wanizibia mwangaza."